Lala Kando ya Maji: Kupiga Picha za Mandhari kwa Kayaki, Kutoka Gatitu hadi Chinga

Ukiishi Gatitu, hapa Nyeri, Mlima Kenya uko kaskazini-mashariki mwako, yapata kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Wengi wetu huuona alfajiri tukielekea steji, kisha hatuukumbuki tena kutwa, kwa maana ifikapo saa tatu au saa nne umeshajifunika mawingu. Mgeni anayefika Nyeri mchana akitafuta picha huonyeshwa wingu jeupe na kuambiwa kwamba mlima uko hapo nyuma. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba katika mwongozo huu si kununua kamera mpya. Nakuomba ulale nje usiku mmoja, karibu na maji, ili saa kumi na moja alfajiri ikukute ukiwa mahali pa kazi. Anayetoka kitandani kwake saa hiyo hufika kila kitu kikiwa kimekwisha.

Ukielewa kinachotokea angani, ratiba nzima ya safari itajipanga yenyewe. Usiku hewa iliyo kwenye miteremko hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni. Mawingu mengi huyeyuka, upepo hutulia, na maji ya bwawa hubaki bila mkunjo hata mmoja. Asubuhi jua likishapasha miteremko joto, hewa hugeuza njia na kuanza kupanda, ikibeba mvuke wa mashamba na misitu. Mvuke huo ukifika juu penye baridi huwa wingu. Upepo unaopeleka mawingu kileleni ndio huo huo unaotia viwimbi kwenye bwawa. Mlima na maji vinafuata saa ile ile, na saa hiyo hufunga mapema.

Basi kwa nini kayaki, wakati mtu anaweza kusimama ukingoni? Ukingoni macho yako huwa mita moja na nusu au zaidi juu ya maji, na mbele yako kuna matete, matope na matawi. Ndani ya kayaki kamera iko kama sentimita 70 tu juu ya uso wa maji. Ukungu mwembamba ambao aliyesimama ukingoni anauona kama utando, wewe unautazama kwa urefu wake wote, na kwenye picha unakuwa mzito wenye kina. Vichaka na miti ya ng'ambo huonekana majini kwa ukamilifu zaidi. Na ukiona nguzo ya stima imeharibu picha, huna haja ya kuilalamikia: piga kafi mara tatu, sogea, nayo itajificha nyuma ya mti.

Kuchagua maji

Nyeri tuna mito mingi kuliko maziwa. Chania, Gura na Sagana ni mito ya mawe na maporomoko, na hapo si mahali pa mtu mwenye kamera shingoni. Huko chini, karibu na mji wa Sagana kwenye mto Tana, zipo kambi zinazofunza kayaki ya maji ya kasi, na kama hujawahi kushika kafi, nenda ujifunze huko kwanza namna ya kukaa wima na namna ya kutoka kayaki ikipinduka. Picha utazifuata baadaye.

Naivasha huwavutia wengi, na kweli ziwa lile likiwa na mlima Longonot nyuma yake ni zuri mno. Lakini lina viboko. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri, yaani saa zile zile unazozitaka wewe, na kayaki iliyo kati yake na maji ni hatari ya kufa. Huko piga picha kutoka nchi kavu, au ukodi boti yenye injini na nahodha anayelijua ziwa. Masinga nako usiende na kayaki, kwa sababu kuna viboko na mamba.

Safari ninayokupendekezea ni ya karibu: bwawa la Chinga, upande wa Othaya. Kutoka Gatitu unapita mjini Nyeri, unashika barabara ya Othaya, kisha unapanda kuelekea Chinga, ukiyaacha nyuma mashamba ya kahawa na kuingia kwenye majani chai. Bwawa limezungukwa na mashamba hayo, na magharibi yake kuna safu ya Nyandarua. Ni mandhari ya mistari: mistari ya chai, ukingo wa maji, migongo ya vilima ikififia mmoja nyuma ya mwingine.

Hapa nitakueleza jambo ambalo wapiga picha wengi hulipuuza, kisha wakarudi wamenuna. Ukiwa majini Chinga, usidai kilele cha Mlima Kenya. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, lakini kutoka Chinga kiko zaidi ya kilomita 60, na kwa umbali huo mlima mzima huinuka nyuzi kama 3 tu juu ya upeo wa macho. Mgongo wa kilima unaopanda mita 60 juu ya maji, ukiwa kilomita moja mbele yako, unatosha kuufunika wote. Kwa hiyo igawe kazi. Ukiwa juu ya maji, piga chai, ukungu, vilima na anga. Mlima wenyewe upige kutoka kwenye mgongo wa juu wakati wa kwenda au wa kurudi, au kutoka Gatitu yenyewe, ambako unaonekana kwa karibu nyuzi 4. Nyosha mkono mbele yako: huo ni upana wa vidole viwili.

Vidole hivyo viwili ndivyo vinavyoamua lenzi. Kwa lenzi pana ya milimita 24, mlima utachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha, nawe utashangaa ulichokiona kikubwa kwa macho kimekwenda wapi. Kwa lenzi ya milimita 200 utajaza zaidi ya nusu ya kimo. Mlima unataka lenzi ndefu; maji na ukungu vinataka lenzi pana. Ukiweza kubeba lenzi mbili tu, beba hizo.

Mwezi wa kwenda

Nenda Januari au Februari. Mvua za vuli zimepita, zile za masika hazijafika, na anga huwa safi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Tena, jua la miezi hiyo huchomoza kusini mwa mashariki, kulia kabisa kwa mlima ukiutazama kutoka upande wetu, kwa hiyo mwanga huupiga ubavuni na kuonyesha kila korongo. Jioni huzama kusini mwa magharibi, karibu mkabala na mlima, likauangaza usoni. Juni ni kinyume chake: jua huchomoza karibu na mlima, nawe unapata umbo jeusi tu, tena ukiwa na bahati, maana Juni hadi Agosti kwetu ni baridi, mawingu ya chini na manyunyu.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda na kuzama wima. Wale wa Ulaya huandika katika vitabu vyao habari za mwanga wa dhahabu unaodumu saa nzima na zaidi. Usiwafuate. Kwetu tangu jua lizame hadi giza lishike ni kama dakika 20, na alfajiri ni vivyo hivyo. Chinga jioni ni fupi zaidi, kwa sababu jua hujificha nyuma ya Nyandarua kabla ya saa yake ya kwenye kalenda. Fika na mapema, saa tisa alasiri isikupite.

Tazama na mwezi wa angani. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, na unaangaza vilima usiku kucha. Usiku usio na mwezi ni wa nyota. Chagua mmoja, usitake vyote.

Mizigo

Kayaki ya kupuliza ndiyo inayotufaa. Hukunjwa ikaingia kwenye buti la probox pamoja na pampu, kafi na hema, na nafasi ikabaki ya mtu wa pili. Mtu wa pili ni lazima. Usiingie majini peke yako, na usiingie bila jaketi la kuokolea maisha lililofungwa vizuri, hata kama unajua kuogelea. Maji ya huko juu ni ya baridi, na mtu aliyevaa gambuti na sweta tatu haogelei. Kwa kweli gambuti ziache ukingoni. Vaa viatu vinavyovulika haraka.

Kamera ikae kwenye mfuko usioingiza maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kubana, na mfuko wenyewe ufungwe kwa kamba kwenye kayaki. Ndani yake weka vipakiti vya silika, kitambaa kikavu cha pamba, na betri za akiba. Stendi ya miguu mitatu utaihitaji sana, ila ni ya nchi kavu. Ndani ya kayaki haina kazi. Kama unatumia simu, ivishe kifuko cha plastiki kisichoingiza maji na uifunge kamba ya shingoni. Simu za siku hizi zinatoa picha nzuri sana alfajiri, ukishikilia kidole kwenye skrini kufunga mwanga, ukapunguza mwangaza kidogo, na ukaacha kabisa ile zumu ya kuvuta kwa vidole.

Beba begi la kulalia la baridi kali, shuka nzito, tochi ya kichwani, jiko dogo la gesi. Nduma na ngwaci, yaani viazi vitamu, zilizochemshwa nyumbani hazikuombi kupika usiku. Chai iwe kwenye thamosi kabla hujalala, kwa sababu alfajiri hutakuwa na dakika ya kuwasha jiko.

Kubisha hodi

Bwawa lina wenyewe, na mashamba yanayolizunguka yana wenyewe. Kabla ya siku yako pita kwa chifu wa eneo, umweleze mko wangapi, mtalala wapi, na gari ni lipi. Muulize nani anasimamia bwawa, na umwombe ruhusa huyo pia. Usipige hema ukingoni gizani kama mtu anayejificha. Mimi hupendelea uwanja wa boma la mtu: "Shosho, tunaomba kulala hapa kwako usiku mmoja, tunapiga picha za bwawa." Shosho atauliza picha hizo ni za nini, na ana haki, kwani watu wanaozunguka na vyombo vya kupimia na kamera mara nyingi huwa wamekuja kwa habari ya mashamba. Washa kamera umwonyeshe picha ulizopiga kwingine. Mpe salamu na jina lako kamili na unakotoka. Ukitaja Gatitu, huenda mkapata mtu mnayemjua wote kabla chai haijaiva.

Wachumaji wa majani chai huingia shambani asubuhi na mapema, na wakiwa na vikapu vyao kwenye ukungu, hakuna anayeweza kukataa kwamba ni picha. Waombe kwanza. Ukinuia kuuza picha yenye sura ya mtu inayotambulika, pata kibali chake kwa maandishi. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya sura ya mtu inayotambulika ni data yake binafsi.

Jioni

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Jioni ndiyo ya kuyasoma. Puliza kayaki, ingia mchana kweupe bila kamera, uzunguke polepole. Tafuta penye kina kifupi, penye visiki, penye nyavu za watu. Angalia ni wapi alfajiri utakapoweza kuingilia bila kukanyaga matope. Simama mahali patatu au panne, utazame pande zote, uamue: hapa nitaanza, pale nitamalizia. Kwa dira ya simu pima jua litatokea wapi. Baada ya hapo toa kayaki majini na uilaze juu chini, umande usiijaze.

Piga picha za machweo kutoka ukingoni kwa stendi. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/8, na saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Ikiwa unatumia kichujio cha kupunguza mng'ao, kizungushe kwa uangalifu, kwa sababu kinaweza kufuta ile taswira ya vilima majini uliyoijia.

Usiku

Kamera isiingie ndani ya hema lenye joto na kutoka tena kila mara. Ikishapoa nje kisha ikaingizwa ndani penye joto na pumzi za watu, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Iache kwenye mfuko wake uliofungwa, upande wa nje wa hema chini ya turubai. Betri ndizo za kulala nazo ndani ya begi, karibu na tumbo, kwa kuwa baridi huzinyonya.

Usiku wa nyota weka lenzi pana kabisa uliyonayo, tundu lifunguke hadi mwisho, ISO 3200, shata sekunde 15. Usizidishe hapo. Kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi itakupa sekunde 25 kwa lenzi ya milimita 20, lakini juu ya ikweta nyota hupita utosini kwa mwendo wao wa kasi zaidi, na kwa sekunde 25 zitakuwa vistari. Lenga kwa mkono: chagua nyota kubwa, ikuze kwenye skrini, zungusha lenzi hadi iwe nukta ndogo kabisa. Januari Msalaba wa Kusini huchomoza karibu na usiku wa manane, na kabla ya alfajiri husimama wima upande wa kusini, chini kiasi cha kuingia katika picha moja na vilima. Kama utaamka kwa ajili ya picha moja tu ya usiku, amka kwa hiyo.

Kila baada ya dakika chache mulika lenzi kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona utando wa kijivu, huo ni umande. Usiufute kwa mkono wa sweta, utaupaka tu. Gusisha kitambaa kikavu bila kusugua, kisha funga shuka ndogo kuizunguka lenzi, ukiacha kioo wazi.

Juu ya maji

Saa kumi na moja amka. Mwanga wa kwanza mbinguni huja karibu saa kumi na mbili, na hadi uone ukingo wa ng'ambo kwa macho yako, baki nchi kavu na stendi. Ukishauona, ingia.

Ukungu utaukuta juu ya maji, si mashambani. Maji yamehifadhi joto la jana, hewa iliyoteremka usiku ni baridi kuyazidi, na mvuke unaotoka majini unaganda kuwa ukungu hapo hapo, pengine kwa kimo cha kiuno tu. Nenda ndani yake polepole. Kila kafi inayopigwa kwa nguvu inaharibu maji kwa dakika nzima, kwa hiyo sukuma mara moja, acha kayaki iteleze, subiri.

Sasa kazi yenyewe. Laza kafi juu ya mapaja. Kunja magoti kidogo, yabane kwenye kuta za kayaki ili kiuno chako na kayaki viwe kitu kimoja. Viwiko vyote viwili vibanwe mbavuni. Toa pumzi, na pumzi ikiisha, kabla hujavuta nyingine, bonyeza. Piga picha tatu mfululizo, kwani ya pili au ya tatu huwa imetulia kuliko ya kwanza. Kayaki haisimami kamwe. Hata ukituliza mwili, pua yake inaendelea kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaotia picha ukungu usioutaka. Kwa lenzi pana usishuke chini ya shata 1/125. Kwa lenzi ya milimita 200, anza 1/1000. Usiogope kupandisha ISO hadi 1600 au 3200 kabla jua halijatoka, kwa sababu picha yenye chembechembe inaweza kuokolewa nyumbani, na iliyotikisika haiokoleki.

Ukitaka pua ya kayaki ionekane mbele ya picha pamoja na vilima, lenzi ya milimita 24 kwenye f/8, ukilenga umbali wa mita 2.5, hutoa kila kitu kikiwa wazi kuanzia mita 1.2 hadi mwisho wa macho. Lenga hivyo mara moja ukiwa ukingoni, zima ulengaji wa kujiendesha, usiuguse tena. Mashine ikiachiwa ukungu huhangaika ikitafuta pa kushika, na dakika zako zinakwenda.

Taswira iliyo majini huwa na giza kuliko anga iliyo juu yake, na hiyo ni sawa. Usijaribu kuvisawazisha, picha ambayo maji yanang'aa kuliko mbingu haikubaliki machoni hata kwa asiyejua sababu. Pima mwanga kwa anga, punguza kidogo, na piga kwa RAW ili baadaye uinue vivuli taratibu. Mstari wa maji uwe sawa kabisa. Kayaki hukuinamisha bila wewe kujua, kwa hiyo washa mistari ya gridi kwenye skrini.

Jua likifika juu ya vilima, karibu saa kumi na mbili na nusu au baadaye kidogo kwa sababu ya migongo, ukungu utapakwa rangi kwa dakika chache, halafu utaanza kuchanika. Hapo ndipo wengi hufunga kamera. Kaa. Ukungu unaochanika hufichua na kuficha: mti mmoja, paa la mabati, mistari mitatu ya chai, kisha hakuna kitu. Kwa saa hii lenzi ndefu ndiyo bora, lakini rudi ukingoni kuibadilisha, usibadilishie majini. Ukiona kiwimbi cha kwanza kimetoka upande mmoja wa bwawa na hakitulii, upepo wa mchana umeanza. Rudi ukingoni.

Kama anga ni safi, kunja hema haraka na upande mgongoni kabla ya saa tatu ukaupige mlima kwa lenzi ndefu. Usiukose kwa kudhani utaupiga siku nyingine. Barafu ya Lewis, iliyo upande wa kusini-magharibi unaotazama kwetu, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na inaendelea kupungua. Picha ya mlima iliyopigwa leo kutoka Gatitu au Chinga, hata ikiwa na wingu pembeni, ni kumbukumbu ambayo mjukuu wako hataweza kuipiga. Chagua mahali pamoja, jiwe moja au kona moja ya shamba, na uwe unarudi hapo kila Januari na lenzi ile ile.

Ukifika nyumbani, kausha kayaki kivulini siku nzima ikiwa imepulizwa, kabla ya kuikunja, la sivyo itaota kuvu kwenye mishono. Nakili picha zote mahali pawili kabla ya kufuta memori kadi. Kwa kila picha ya mlima andika tarehe, saa, mahali uliposimama na urefu wa lenzi ndani ya jina la faili lenyewe, si kwenye daftari litakalopotea. Kisha chapisha mbili au tatu kwa karatasi, zile za bwawa likiwa na boma la wenyeji wako ng'ambo, na uzipeleke mwenyewe Chinga safari ijayo, kabla hujaomba kulala tena.